Nyumba ya Jaji na Daftari la Wazi

Ndugu msomaji, tuseme jioni moja umeketi barazani kwako Kashai, mjini Bukoba, unapunga upepo wa ziwa. Mgeni usiyemfahamu anasimama mbele yako, anakuamkia kwa heshima, kisha anauliza: jaji fulani anakaa nyumba ipi? Hapana shaka kwamba kabla ya kumwonyesha nyumba hiyo utamtazama usoni. Utamwuliza jina lake, atokako, na shida iliyomleta. Akieleza vema, pengine utamtuma mtoto amsindikize. Akibabaika, utamwambia apitie kwanza kwa balozi wa shina.

Hayo hukuyasoma katika kitabu cha sheria. Ni adabu ya ujirani ambayo mji wetu na vijiji vyetu vimeishi nayo: njia ya kwenda kwa mtu haifichwi, lakini anayeiuliza hujulikana.

Sasa tuseme mgeni yule yule hakuja barazani kwako. Amekwenda kwenye kumbukumbu za umma za majengo na kodi zake, mahali ambapo jina la mwenye nyumba huandikwa pamoja na kiwanja, mtaa na namba. Daftari halina macho. Humjibu mwema na mwovu kwa sauti moja. Je, ni haki daftari hilo limpe kila aulizaye mlango wa nyumba anamolala jaji na watoto wake? Au sehemu hiyo ifunikwe? Swali hili limezitaabisha nchi za mbali, na sisi wa Kagera tunazo sababu zetu za kulitafakari.

KESI HUACHA ALIYESHINDWA

Mchezo wa mpira waweza kwisha sare. Kesi ya ardhi ni nadra kwisha hivyo. Watu wawili huingia mahakamani, na mmoja hutoka akiwa ameshindwa. Jaji hana ruhusa ya kuwapendeza wote wawili.

Na kwa Mhaya, kibanja si shamba tu. Ndani yake imo migomba inayoilisha nyumba, mibuni iliyolipa karo za watoto, na makaburi ya babu na bibi. Anayekipoteza kibanja mahakamani huona amepoteza chakula, jina na wazee wake kwa siku moja. Ndiyo maana hasira ya kesi ya ardhi hukaa moyoni miaka mingi.

Tuchukue mfano mmoja wa kweli, ambao wanafunzi wa sheria husomeshwa hadi leo. Mwaka 1988 bibi mmoja wa wilaya ya Muleba aliuza, kwa Sh. 300,000, ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa wosia wa baba yake. Kijana wa ukoo wake, ambaye bibi huyo alikuwa shangazi yake, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai kwamba mauzo hayo ni batili, kwa kuwa sheria ya mila ya Wahaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na kijana. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikautengua uamuzi huo. Rufaa ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, na tarehe 22 Februari, 1990, Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila iliyomnyima mwanamke haki aliyo nayo mwanamume ilipingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Mwanamke akatambuliwa kuwa na haki ya kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume.

Hukumu hiyo ilikuwa faraja kwa akina mama wengi. Lakini hebu tuutazame uzito wake. Kwa kalamu moja jaji hakumgusa kijana mmoja tu, bali kila mwanamume wa kila ukoo aliyeamini kwamba shamba la babu haliwezi kuuzwa na binti. Jaji huyo alikuwa Mwanza, ng'ambo ya ziwa, safari ya usiku mzima kwa meli. Hakimu wa wilaya aliyekuwa ameamua hivyo kabla yake, kituo chake cha kazi kilikuwa Muleba penyewe, kati ya watu wale wale.

Leo Bukoba ina Mahakama Kuu ya kanda yake. Hii ni nafuu kubwa kwa mkulima wa Nshamba au Kamachumu, ambaye halazimiki tena kuvuka ziwa kufuata rufaa yake. Lakini maana yake ni kwamba jaji naye hayuko tena ng'ambo ya maji. Watu aliowahukumu hukutana naye sokoni, msikitini na kanisani.

MLANGONI PA NYUMBA

Yapo maovu ambayo kuficha nyumba hakuyazuii, na ni vema tuyatenge mapema. Tarehe 21 Septemba, 1972, Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa na watu wa Idi Amin kutoka Mahakama Kuu ya Kampala, na hakuonekana tena. Mwezi Juni, 2024, Hakimu Monica Kivuti wa Kenya alipigwa risasi akiwa kazini katika mahakama ya Makadara, Nairobi, naye akafariki. Mauaji kama hayo yanadai ulinzi wa mahakama na utawala wa sheria. Kufunika namba ya nyumba kusingewasaidia.

Lakini yapo mengine. Usiku wa tarehe 30 Juni, 1982, mjini Accra, nchini Ghana, wakati wa amri ya kutotembea usiku, majaji watatu wa Mahakama Kuu na mwanajeshi mstaafu mmoja walichukuliwa kutoka majumbani mwao, wakauawa. Mmoja wa majaji hao, Cecilia Koranteng-Addow, alikuwa mama anayenyonyesha.

Nchini Marekani, siku ya Jumapili, tarehe 19 Julai, 2020, mtu aliyejifanya mleta vifurushi alibisha hodi kwa Jaji Esther Salas, katika jimbo la New Jersey. Mtu huyo alikuwa wakili aliyepata kuwa na shauri mbele ya jaji huyo, na alikuwa amekusanya habari nyingi juu ya nyumba yake na maisha yake. Daniel, mwana pekee wa jaji, kijana wa miaka 20, aliuawa. Baba yake alijeruhiwa vibaya. Jaji mwenyewe, aliyekuwa akitafutwa, alikuwa chini ya nyumba, hakuguswa.

Miaka miwili baadaye, Juni 2022, katika jimbo la Wisconsin, Jaji mstaafu John Roemer aliuawa nyumbani kwake na mtu aliyekuwa amemhukumu kifungo mwaka 2005. Hebu fikiri, ndugu msomaji: miaka 17 ilikuwa imepita. Jaji alikuwa amekwisha vua joho na kurudi kuwa raia kama wewe na mimi.

Mahakamani kuna askari na milango ya nyuma. Nyumbani kuna mke, mume, mtoto afanyaye kazi ya shule, na bibi aliyekuja kutoka kijijini kupima macho. Anayemfuata jaji nyumbani hamtishi jaji peke yake. Anamwambia kwamba hukumu yake italipwa na mwanawe. Nani awezaye kupima mizani sawasawa akiwa na wazo hilo kichwani?

Baada ya msiba wa Daniel, jimbo la New Jersey lilipitisha sheria yenye jina lake mwezi Novemba, 2020. Sheria hiyo inazuia kutangazwa kwa anwani za nyumba za majaji, waendesha mashitaka na polisi. Mwanzoni mwa mwaka 2022 iliongezewa ofisi maalumu ya kupokea maombi yao, na Desemba mwaka huo bunge la Marekani likapitisha sheria ya namna hiyo kwa majaji wa serikali kuu. Shida ilionekana mara moja. Kule, kodi ya majengo hukusanywa na miji na vitongoji, na orodha za wenye nyumba zimezoeleka kuwa wazi kwa kila mtu. Ukilifunika jina la jaji, mnunuzi wa nyumba na benki watajuaje mmiliki wa kweli ni nani? Ukiliacha wazi, umemwonyesha mwuaji njia.

DAFTARI LETU

Turudi kwetu. Sheria ya mwaka 1983 ya kodi ya majengo katika miji iliweka utaratibu wa kuyathamini majengo na kuyaorodhesha. Ni haki ya raia kujua jengo lake limethaminiwa namna gani, na kupinga akiona ameonewa. Kadhalika, katika usajili wa ardhi, anayetaka kununua kiwanja hulipa ada na kufanya upekuzi ili ajue kama muuzaji ndiye mwenye hati. Uwazi huo umewaokoa wengi na matapeli waliouza kiwanja kimoja kwa watu watatu.

Zamani daftari hilo lilikuwa na mlinzi asiyelipwa mshahara, naye ni usumbufu. Ilikubidi usafiri hadi ofisini, upange foleni, useme unatafuta nini, umngoje karani atoe jalada kabatini na kupangusa vumbi. Karani aliiona sura yako. Kesho yake, likitokea jambo, aliweza kusema: alikuja mtu wa namna hii, akauliza habari hii.

Mambo yamebadilika haraka. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kwa njia ya LUKU: Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa kuwa Sh. 1,500 mwaka 2023. Maana yake ni kwamba nyumba, mita ya umeme na kodi vimefungwa pamoja katika kumbukumbu za kompyuta. Mwaka 2022, kabla ya sensa, ilifanyika operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ikapewa majina na nyumba zikapewa namba, mjini Bukoba na Muleba kama kwingineko. Wizara ya Ardhi nayo imekuwa ikizihamisha kumbukumbu za hati kutoka majaladani kuziingiza katika mfumo wake wa kompyuta.

Yote hayo ni maendeleo. Gari la wagonjwa huifikia nyumba yenye namba upesi kuliko nyumba iliyo "nyuma ya mwembe mkubwa". Lakini tusisahau kwamba kumbukumbu za kompyuta zikifunguliwa bila utaratibu, yule mlinzi wetu wa zamani amekufa. Mwulizaji hahitaji kusafiri wala kuonekana. Aweza kuwa Bukoba au ng'ambo ya bahari, usiku wa manane, asiulizwe jina.

Wengine husema: Bukoba ni mji mdogo, kila mtu anajua jaji anakaa wapi, basi kuficha ni kazi bure. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Ni kweli majirani wanajua. Lakini majirani wana macho. Hatari ya daftari lisilo na mlinzi haiko katika kule kujua, bali katika kujua bila kujulikana. Hakimu wa mahakama ya mwanzo aliyepanga vyumba viwili haonekani kabisa katika orodha ya wenye nyumba. Anayeonekana zaidi ni yule aliyejenga, na hasa jaji mstaafu aliyerudi katika kibanja cha baba yake Muleba apumzike. Huyo hana tena dereva wala askari. Mkumbuke yule mzee wa Wisconsin.

MALI ISIFICHWE

Hata hivyo, hatuna budi kuisikiliza hofu ya upande wa pili, kwa maana ni hofu ya haki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, kwa sababu wananchi walikwisha ona jinsi cheo kinavyoweza kugeuzwa kuwa majumba. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991, lakini wazo lake halikufa: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi watoe tamko la mali na madeni yao. Mfanyakazi anayekatwa kodi kila anunuapo umeme ana haki ya kuuliza kama mkubwa naye analipa, na jumba jipya limetoka wapi.

Tukimpa jaji pazia la kufunika mali yake yote, siku moja tutampata jaji mmoja mbaya ambaye pazia hilo litamfaa kuliko wazuri mia. Kwa hiyo swali si kama tufiche au tusifiche. Swali ni nini hasa kifichwe.

Katiba yetu inatusaidia. Ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Ibara ya 18 inatupa haki ya kupata habari. Ibara ya 107B inataka mahakama ziwe huru, zifuate Katiba na sheria tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza habari za watu azitumie kwa madhumuni halali zilizokusanyiwa. Habari za nyumba yako zilichukuliwa ili ulipe kodi. Hazikuchukuliwa ili adui yako apate ramani.

NJIA INAYOFAA

Kwa maoni ya ukurasa huu, adabu ile ya barazani yatosha kuwa mwongozo. Mali ibaki wazi. Mlango uulizwe uso kwa uso.

Kwanza, jina la mwenye jengo, thamani yake na kama kodi imelipwa, vibaki wazi kwa jaji kama kwa mwashi. Kinachofunikwa kiwe ni namba ya nyumba, mtaa na alama ya ramani.

Pili, kifunikwe kwa nyumba moja tu, ile anamokaa. Nyumba za kupangisha, maduka na viwanja si maskani, na havina mtoto wa kulindwa. Hapo ndipo pazia la familia litakapotengwa na pazia la mali.

Tatu, mnunuzi, benki, au jirani mwenye ugomvi wa mpaka asizuiwe. Afike ofisini, aonyeshe kitambulisho, aeleze sababu, atie sahihi. Mwenye nia njema hupoteza nusu saa. Mwenye nia mbaya hupoteza giza alilolitegemea.

Nne, anayeulizwa aarifiwe kwamba ameulizwa, na nani, isipokuwa pale mahakama au wachunguzi wa serikali wanapofanya kazi yao. Na mtumishi anayeuza habari hizo kwa bei ya soda aadhibiwe kama mwizi wa mali ya umma.

Tano, ulinzi huu usiishie kwa wakubwa. Turudi kwa yule bibi wa Muleba. Majaji wakishaandika hukumu hurudi ofisini, lakini mwanamke aliyeshinda kesi ya ardhi hurudi kuishi katikati ya ukoo alioushinda. Shahidi wa kesi ya mauaji, mke aliyemkimbia mume mkatili, hao nao wana milango na watoto. Yeyote atakayeleta sababu ya kweli afunikiwe anwani kwa utaratibu ule ule. Jaji atangulie kwa sababu kazi yake inatuhusu sote, siyo kwa sababu damu yake ni nyekundu kuliko yetu.

NA SISI NYUMBANI

Sheria peke yake haitatosha, ndugu msomaji, kwa kuwa daftari kubwa kuliko yote ni vinywa vyetu na simu zetu. Mzazi, mfundishe mwanao kwamba habari ya mahali rafiki yake anapokaa si kitu cha kutangazia dunia, wala picha ya nyumba ya watu si ya kurushwa ovyo. Ukiwa mwenye nyumba na umempangisha hakimu, usijisifu juu yake kilabuni. Ukiwa karani, kumbuka kwamba jalada ulilolishika lina watu ndani yake. Na kesi ikikuendea vibaya, ngazi ya rufaa iko wazi, kuanzia Kashasha hadi Mahakama ya Rufani. Njia hiyo hupita masijala, haipiti nyumbani kwa mtu.

Methali yatuambia nyumba njema si mlango. Ndivyo ilivyo, kwani wema wa nyumba u katika wale waliomo ndani. Kijana wa Muleba aliyeshindwa mwaka 1990 na shangazi yake aliyeshinda wote walistahili jambo moja: jaji anayewaza sheria tu, na ambaye usiku hutega sikio kusikia mvua juu ya bati, wala si hatua za mtu nje ya dirisha. Jaji wa namna hiyo ni hazina yako na yangu, maana hatujui siku ambayo sisi wenyewe tutasimama mbele yake.